Nani Alimpa Sungura Mdomo?

Swali la kwanza huulizwa na mtoto mdogo kuliko wote: "Bibi, kwani sungura anasema?" Wakubwa humcheka. Wajukuu zangu, msimcheke. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote yanayoulizwa hapa jamvini, na hao wanaocheka hawalijui jibu lake, wamelizoea tu.

Jibu langu ni hili. Sungura wa porini, yule anayechomoka nyasini mtu akipita alfajiri njia ya Msimbati kwenda Ruvula, hasemi. Sungura wa hadithi anasema kwa sababu mimi na nyinyi tumekubaliana aseme. Nilisema "Paukwa," mkaitika "Pakawa." Nilisema "Hadithi, hadithi," mkaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mmeukaribisha uongo kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya watu wote. Uongo wa namna hiyo haumdhulumu mtu. Unaodhulumu ni ule unaoingia bila hodi.

Ila ruhusa hiyo ina mpaka, na kwenye mpaka huo ndipo ilipo kazi yangu yote. Msimulizi anaweza kumpa mnyama mdomo. Hawezi kumbadilishia tumbo, wala miguu, wala makazi. Simba akishasema, bado atataka nyama. Kima akishasema, bado atalala mtini. Papa aseme Kiswahili fasaha namna gani, nchi kavu hapandi. Shikeni hilo, kwa maana maswali mengi mnayoniuliza yanafunguka kwa ufunguo huo mmoja.

Chukueni hadithi ya Kima na Papa, ambayo hapa kwetu haiishi kuombwa. Kima anakaa kwenye mkuyu ulioinamia bahari. Papa anapita chini, anaomba matunda, Kima anamrushia. Siku zinakwenda, wanakuwa marafiki. Kisha Papa anamwambia, "Nawe twende kwetu ukatembee," anampakia mgongoni, na walipofika katikati ya bahari anamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anafikiri upesi. "Ungeniambia mapema ningeuchukua! Sisi kima tukisafiri, mioyo tunaiacha mtini." Papa anageuka, anamrudisha, Kima anaruka juu ya mti, na haonekani tena chini.

Hapo mikono inainuka. Kima anaweza kweli kukaa juu ya maji? Nendeni mkaangalie mikoko kwenye mdomo wa Ruvuma. Maji yakijaa, miti imesimama baharini. Yakitoka, miti ileile imesimama matopeni. Mkuyu wa hadithi haumo humo, lakini mti wenye nusu ya maisha yake baharini na nusu nchi kavu mnao hapo hapo. Mwingine anauliza kwa nini Papa alifichua siri kabla hawajafika. Mimi naona matunda ya Kima yalikuwa yamemwingia. Amekula kwa rafiki siku nyingi, akashindwa kunyamaza mpaka mwisho. Kuna wasimulizi wanaosema ni ujinga wake. Siwafuati, maana rafiki anayeona haya nusu ya njia anatisha kuliko rafiki mjinga, na hadithi hii inatakiwa kutisha kidogo.

Swali zuri kuliko yote juu ya hadithi hiyo ni hili: Papa aliwezaje kuamini kwamba moyo unaweza kutundikwa mtini? Kumbukeni mpaka wetu. Papa hajawahi kupanda mti. Anaujua kwa chini tu. Kila kitu kitamu alichowahi kupata kutoka kwenye mti ule kilidondoka kutoka juu, na yeye hakuona kilivyotoka. Kama makuyu yako huko, kwa nini moyo usiwepo? Kima naye alimwamini Papa kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa bahari aliijua kwa juu tu. Wote wawili wamepewa mdomo, na wote wawili bado wamefungwa na miili yao. Hatari ya hadithi inatoka hapo, na wokovu wake unatoka hapo.

Mnaniuliza pia hadithi hii ni ya nani. Ni ya wengi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, aliikusanya pamoja na nyingine kutoka kwa watu wa Unguja, akaichapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja wa kitabu na Kiingereza upande wa pili. Ni yuleyule Steere aliyepita Lindi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wakafika Masasi na kuanza kijiji. Lakini kabla ya Steere hadithi ilikwishazeeka. Waarabu walikuwa nayo katika kitabu cha Kalila na Dimna, kilichoandikwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na Waarabu waliipata kwa Waajemi, na Waajemi waliipata India. Kwa Waarabu rafiki wa kima ni kobe wa majini. Huko India wapo wanaomsimulia kuwa mamba. Ilipofika pwani yetu ikakutana na watu wanaoishi na papa, nao wakamweka papa. Sisi wa Ghuba ya Mnazi tumebahatika, kwa kuwa mamba tunaye mtoni na papa tunaye baharini, umbali wa kupiga kasia tu. Mtoto wa hapa anaweza kuchagua amtumie nani, na akimchagua mamba lazima abadilishe mambo, kwa kuwa mamba anapanda nchi kavu, na Kima atalazimika kufikiri mara mbili.

Mnauliza tena: nchi hiyo ya wanyama wanaosema iko wapi, na ramani yake iko wapi? Ramani haina. Mwandishi Shaaban Robert alipotunga Kusadikika aliiweka nchi yake angani, na msomaji anajua hivyo tangu mwanzo. Nchi ya Sungura iko popote msimulizi alipokaa. Akisimulia aliye Newala, ina korongo na mteremko. Akisimulia aliye Msimbati, ina mnazi na mchanga mweupe. Inavuka hata mto. Mpaka kati yetu na Msumbiji walikubaliana Wajerumani na Wareno mwaka 1886, lakini Wamakonde wako ng'ambo zote mbili, Wayao wako ng'ambo zote mbili, na Sungura anavuka nao bila kuulizwa karatasi. Kwa hiyo lugha ya wanyama ni lugha ya jamvi: Kimakonde kwa Wamakonde, Kiyao kwa Wayao, Kiswahili hapa. Nitarudi kwenye jambo la lugha baadaye, kwa sababu kuna habari ya kweli juu yake inayonifurahisha kuliko hadithi yoyote niliyowahi kusimulia.

Kwanza kisima. Mnaijua: ukame umeingia, wanyama wote wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, kisha usiku anakuja kuiba maji. Kila mlinzi anadanganywa. Mwisho Kobe anajipaka ulimbo kwenye gamba, anazama kisimani, na Sungura akikanyaga ananasa. Watoto wa mjini huniuliza kwa nini ugomvi mkubwa hivyo kwa ajili ya maji. Mtoto aliyetoka uwanda wa Wamakonde haulizi. Kule juu, Newala na Tandahimba, ardhi ni ya mchanga na maji ya mvua huzama yote chini. Mto wa kutiririka hakuna. Watu walijenga juu, maji yakawa mabondeni. Kwa miaka mingi, kabla ya mabomba ya kupandisha maji, akina mama waliteremka gizani na kupanda na mitungi kichwani, safari ya saa nyingi kwa maji ya siku moja. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, Sungura anayeiba maji si mtundu anayechekesha. Ni mwizi. Ndiyo maana hadithi hii, tofauti na nyingi, inamtaka Sungura akamatwe, na anayemkamata ni mnyama wa polepole kuliko wote, ambaye hakutumia kitu ila gamba alilozaliwa nalo na subira ya kukaa majini bila kusogea.

Hadithi za aina hii zilivuka bahari pamoja na watu waliotekwa Afrika na kuuzwa utumwani. Marekani, mwaka 1880, Joel Chandler Harris alichapisha kitabu cha hadithi zilizokuwa zikisimuliwa na watu weusi wa kule, na ndani yake yumo sungura anayenaswa kwenye mdoli wa lami. Mtoto wa Mtwara akisimuliwa hiyo anatabasamu kabla haijafika mwisho. Nami huwa nawakumbusha kwamba Mikindani, hapa jirani, ilikuwa mojawapo ya bandari walikopitishwa watumwa. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu pwani alibaki na alichobeba kichwani.

Sasa Simba. "Bibi, kwa nini Simba ni mkali lakini kila mara anadanganywa?" Hili nalijibu kwa taratibu, kwa sababu katika mikoa yetu si la mzaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na Lindi na Mtwara ni kati ya mikoa iliyoumia sana. Mashambulizi mengi yalitokea majira ya mavuno, Machi mpaka Mei. Watafiti walieleza sababu ambayo wakulima wetu waliijua siku nyingi: nguruwe pori anafuata mihogo na mahindi, mkulima analala shambani kwenye dungu amfukuze nguruwe, na simba naye anamfuata nguruwe. Anapomkosa nguruwe, mtu yupo.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, waliotunga hadithi za Simba aliyetumbukizwa kisimani kwa kuonyeshwa kivuli chake, au Simba aliyefungwa kwenye mti kwa kuambiwa upepo mkubwa unakuja, hawakuwa watu wasiomjua simba. Walimjua mno. Walilala wakimsikia. Ndani ya hadithi wakamwachia meno yake yote, kucha zake zote, njaa yake yote, kisha wakamweka mbele yake mnyama mdogo mwenye maneno. Nje ya hadithi maneno hayamzuii simba. Ndani yake yanamzuia, kwa usiku mmoja, na mtoto aliyekuwa akiogopa analala.

Na kwa nini huyo mdogo awe Sungura, asiwe swala au panya? Mtazameni porini. Hana pembe. Meno yake ni ya majani. Hajichimbii shimo la kujificha kama wengi wanavyodhani. Hulala juu ya ardhi, amejibana kwenye nyasi, masikio yameshuka. Adui akimkaribia sana anachomoka, na akifukuzwa hakimbii moja kwa moja: anapinda ghafla kulia, ghafla kushoto, mpaka mfukuzaji mzito anateleza na kupitiliza. Msimulizi wa kwanza aliyeona mbio zile aliona tayari maneno ya Sungura. Sungura wa hadithi anasema vilevile anavyokimbia.

Fisi nitampitia haraka, kwa kuwa kwake yeye tumekosea. Methali inasema njia mbili zilimshinda fisi, na hadithi inamwonyesha akipasuka katikati kwa kutaka nyama za njia zote mbili. Mlafi, mwoga, mla mizoga. Fisi madoa wa kweli huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, anaishi kwenye ukoo wenye mpangilio, na wakuu wa ukoo ni majike. Ningependa mmoja wenu siku moja amtungie Bi Fisi hadithi ya haki.

Kuna swali la wale wanaopenda utaratibu: hadithi ipi inatangulia? Na mbona Sungura jana alikufa, leo yuko hai? Hakuna inayotangulia. Kila usiku tunaanza upya, na "hapo zamani za kale" ya leo haimjui Sungura wa jana. Mkia aliokatwa umeota. Deni analodaiwa na Kobe limefutika. Anachobaki nacho ni tabia, na nyinyi mnaojua tabia yake mnajua atafanya nini kabla yake. Ndiyo raha ya kumsikiliza mara ya ishirini.

Sasa ile habari niliyowaahidi. Ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, Wayao warina asali huingia porini na kutoa mwito: "brrr" ndefu, ikifuatwa na "hm" fupi. Yupo ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia anayejua mizinga ya nyuki wa mwituni ilipo, lakini hawezi kuifungua. Akisikia mwito ule huja, hulia mbele yao mti kwa mti, na kuwaongoza. Watu wanawafukiza nyuki moshi na kuchukua asali. Ndege anabaki na nta na majana. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo ya kupima jambo hilo. Waliotumia sauti nyingine porini waliongozwa mpaka kwenye nyuki mara 16 katika 100. Waliotumia mwito wa Kiyao, mara 54.

Halafu mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walipima tena, sehemu mbili. Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi hapa Tanzania, hawatoi mwito ule. Wao humwita ndege yuleyule kwa mluzi. Ikaonekana kwamba ndege wa Niassa huitikia zaidi mwito wa Kiyao, na ndege wa Eyasi huitikia zaidi mluzi wa Kihadza. Ndege ni wa aina moja, lakini kila mmoja amejifunza wito wa watu wa kwao. Mliponiuliza wanyama wanaongea lugha gani, nilijibu lugha ya jamvi. Ndege huyu amenijibia vizuri zaidi.

Wapo wengine jirani zaidi. Pomboo wanaopita nje ya ghuba yetu, kila mmoja ana mluzi wake, na wenzake huweza kuurudia mluzi huo kumwita mwenyewe. Nyangumi wenye nundu huja pwani hii kutoka bahari baridi ya kusini kabisa, kuanzia Julai hivi mpaka Novemba, kupandana na kuzaa, na madume huimba nyimbo ndefu chini ya maji. Hakuna anayejigeuza mtu. Kila mmoja anasema kwa mwili alionao, na sisi tunachopata ni kusikiliza.

Swali la mwisho ni mtoto wa darasa la nne aliyeliuliza, na bado linanisumbua. Kwa nini hadithi zetu zina wanyama wengi wa bara na wachache wa baharini, na sisi ni watu wa pwani? Nadhani ni kwa sababu mnyama wa bara tunamwona akiishi: anakula, anagombana, anabeba mtoto. Wa baharini tunamwona mara nyingi akiwa amevuliwa. Nguva ndiye anayeniumiza. Amekuwa haba mno pwani yetu, na hadithi zinazomhusu hapa ni za mabaharia kumdhania mwanamke. Hadithi ya nguva mwenyewe, anavyokula nyasi za bahari na kumnyonyesha mtoto wake, siijui hata moja.

Basi itungeni. Tangu mwaka 2000 ghuba hii na mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari, kilomita za mraba 650 za maji, mikoko, visiwa na vijiji, na humo wamo wahusika ambao hawajapewa mdomo. Yumo kaa mdogo wa matopeni ambaye dume lake lina gando moja kubwa na moja dogo, na kutwa analipunga lile kubwa kuwaita majike. Mwenye gando kama hilo atasemaje akiwa na wasiwasi? Yumo kasa, ambaye joto la mchanga ndilo linaloamua kama yai litatoa jike au dume, anayetoka shimoni usiku akiufuata mng'ao wa bahari, na jike akishakuwa mtu mzima, miaka mingi baadaye, hurudi kutaga pande zilezile alikozaliwa. Atarudi akikuta nini ufukweni? Taa? Nyumba? Nyinyi?

Kabla hujampa mdomo, nenda kamwangalie. Maji yakitoka kaa kimya matopeni mpaka kaa watoke tena kwenye mashimo yao, maana mara ya kwanza wakikuona watazama wote. Andika anachokula, anachokiogopa, asichoweza kukifanya. Ukishakijua asichoweza, hadithi imekwishaanza, kwa kuwa hapo ndipo atakapohitaji maneno. Kisha msimulie mdogo wako, yule mwenye maswali kuliko wote. Akikukatiza na kuuliza jambo usilo na jibu lake, hapo hadithi ina tundu. Rudi matopeni uliangalie upya, kesho usiku umsimulie tena.